Mishororo 14 kwa Sikio Lililozoea Mizani

Anayetoka kwenye shairi la Kiswahili kwenda kwenye soneti huja na vidole vilivyozoea kuhesabu. Nane ukwapi (kipande cha kwanza), nane utao (kipande cha pili), kina cha kati, kina cha mwisho, mshororo umetimia. Akiambiwa kwamba soneti ya Kiingereza ina mishororo 14 na kila mshororo una mizani 10, yaani silabi 10, huona kazi imepungua. Anahesabu kumi, anapanga vina, anafika mwisho. Kisha anaisoma kwa sauti na kitu hakikai sawa: mizani imetimia, vina vipo, lakini mshororo unachechemea. Tumelikuta tatizo hili kwa karibu kila anayeanza, na chanzo chake ni kimoja. Soneti husikilizwa mkazo kwanza, ndipo ihesabiwe mizani.

Chukua mshororo wa kwanza wa soneti ya 18 ya Shakespeare: *Shall I compare thee to a summer's day?* Tukiuandika jinsi sauti inavyopanda na kushuka, herufi kubwa zikiwa ndizo mkazo, tunapata hivi:

shall I / com-PARE / thee TO / a SUM / mer's DAY

Silabi 10, hatua tano. Kila hatua ina silabi nyepesi inayofuatwa na nzito, na hatua ya namna hiyo huitwa aiambi. Mshororo wa hatua tano huitwa pentamita. Ndiyo maana vitabu husema aiambi pentamita, jina zito kwa jambo ambalo mtoto anaweza kulipiga kwa vidole juu ya meza: ti-TA, ti-TA, ti-TA, ti-TA, ti-TA.

Mambo mawili huwapotosha wasomaji wetu hapa. La kwanza ni kuhesabu Kiingereza kwa ulimi wa Kiswahili. Sisi huongeza irabu, kwa hiyo *compare* yenye silabi mbili hugeuka kuwa na tatu, na hesabu inavurugika kabla hata hujafika katikati. La pili ni hiyo *TO*. Hakuna anayekitilia mkazo kineno kama hicho katika mazungumzo, lakini kimekaa mahali pa silabi nzito. Katika mshororo huu mikazo ya kweli ni minne, na wa tano ni nafasi tu ambayo sikio linaiheshimu kwa kuwa limekwisha kuizoea. Kumbuka hili, maana kwenye Kiswahili vineno kama *na*, *ya*, *ni* na *kwa* vitatufanyia kazi hiyohiyo.

Soneti haikuanzia Uingereza. Ilizaliwa Sicily katika karne ya 13, kwenye baraza la mfalme Frederick II, na anayetajwa kuwa wa kwanza kuitunga ni Giacomo da Lentini, aliyekuwa mwandishi wa hati za kisheria. Mshairi Petrarca (1304–1374) ndiye aliyeipa sura iliyoenea Ulaya nzima. Katika diwani yake kuu yenye mashairi 366, 317 ni soneti. Waitaliano hawakutumia mizani 10. Walitumia 11, na sababu yake inatuhusu sisi moja kwa moja. Maneno mengi ya Kitaliano huishia na irabu, na mkazo wake aghalabu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mshororo wao una sharti la mkazo kwenye silabi ya 10. Ya 11 inafuata nyuma, nyepesi. Sharti lingine ni mkazo mmoja zaidi kwenye silabi ya 4 au ya 6.

Ukitaka kuuhesabu mshororo wa Kitaliano, jihadhari na irabu zinazokutana. Diwani ya Petrarca inaanza na maneno *Voi ch'ascoltate in rime sparse il suono*. Mswahili akihesabu kila irabu atapata 15. Mwitaliano anapata 11, kwa sababu *Voi* ni silabi moja, *suo-* pia ni moja, *-te in* husomwa kama silabi moja, na *-se il* vilevile. Mizani yetu haifanyi hivyo. Kwetu kila irabu ina thamani yake, na *juu* ni mizani mbili popote ilipo.

Washairi Wyatt na Surrey walipoihamishia soneti kwenye Kiingereza, katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, walikutana na lugha iliyojaa maneno mafupi yanayoishia na mkazo, kama *day*. Silabi ya 11 haikuhitajika tena. Kumi ya Kiingereza imetokana na Kiingereza chenyewe, na hapo ndipo vidole vyetu vinapotuponza.

Neno la Kiswahili hupata mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Basi mshororo wa mizani 10 utakuwa na mkazo wa mwisho kwenye silabi ya 9. Ukirudi nyuma kwa mbilimbili, mikazo inaangukia 9, 7, 5, 3, 1. Umetaka ti-TA, umepata TA-ti. Pigo limepinduka lote, na huo ndio ule mchechemeo. Hali kadhalika kipande cha mizani nane: mkazo wake wa uhakika uko kwenye ya 7, na mingine hutangatanga. Katika shairi la kuimbwa hilo halina madhara, kwa kuwa sauti ya mwimbaji huvuta silabi hii na kuibana ile mpaka kila kitu kikae mahali pake. Soneti husomwa kwa sauti ya kawaida ya kusema. Hakuna mahadhi ya kuuokoa mshororo mbovu.

Dawa ni kuongeza mizani moja. Tunga kwa 11, kama Waitaliano, na mkazo wa mwisho utarudi kwenye ya 10. Wala huendi kinyume na Waingereza: soneti ya 20 ya Shakespeare ina silabi 11 katika mishororo yake yote 14.

Sasa tuone mishororo mitatu inayosema karibu jambo lilelile, kila mmoja ukiwa na mizani 11 kamili.

Usiku huu nyota zote kimya
u-SI-ku HU-u NYO-ta ZO-te KI-mya

Mikazo iko 2, 4, 6, 8, 10. Safi kabisa.

Leo usiku nyota zote kimya
LE-o u-SI-ku NYO-ta ZO-te KI-mya

Mikazo iko 1, 4, 6, 8, 10. Hatua ya kwanza imepinduliwa na nyingine zote zimenyooka. Hili linaruhusiwa kila mahali inapotungwa soneti, na mara nyingi linapendeza, kwa sababu mshororo unaanza kwa kishindo kisha unatulia.

Nyota zote leo usiku kimya
NYO-ta ZO-te LE-o u-SI-ku KI-mya

Mikazo iko 1, 3, 5, 8, 10. Hesabu ni ileile lakini mshororo umevunjika mgongo. Sikio limeanza kuzoea TA-ti, kisha katikati linakutana na silabi mbili nyepesi, *-o u-*, na baada ya hapo pigo linageuka. Haupo mkazo kwenye ya 4 wala kwenye ya 6. Msomaji atajikwaa kwenye *usiku*, na hatajua ni kwa nini.

Kutokana na mifano hiyo unaweza kuona kanuni ambayo ingefaa kufundishwa siku ya kwanza. Maneno ya silabi tatu, kama *bahari*, *kalamu*, *mapema*, yana umbo la ti-TA-ti, kwa hiyo huanzia mahali pepesi. Maneno ya silabi mbili au nne huanzia mahali pazito: *nyota* ni TA-ti, na *wanafunzi* ni TA-ti-TA-ti, ambapo mkazo wa kwanza ni hafifu ila unatosha. Baada ya neno la silabi tatu, nafasi inayofuata ni nzito. Huwezi kuweka neno jingine la silabi tatu papo hapo, maana utapata silabi mbili nyepesi zinazosukumana. Lazima uingize kineno cha silabi moja katikati: *safari ya mapema*, *jahazi na bahari*. Hicho kineno kinafanya kazi ya ile *TO* ya Shakespeare.

Mpangilio mwepesi kuliko yote kwa mwanzo ni neno moja la silabi tatu likifuatwa na manne ya silabi mbili. Ukiisha kuuzoea huo, jaribu tatu, moja, tatu, mbili, mbili: *Safari ya mapema huwa fupi.*

Kiswahili kina utajiri wa njia za kuongeza au kupunguza silabi moja bila kuharibu maana, na mtungaji anayezijua hahitaji kulazimisha kitu. Nyota *yawaka* ni tatu, *inawaka* ni nne. *Katika* ni tatu, *kwenye* ni mbili. *Lakini* ni tatu, *ila* na *bali* ni mbili. Kiambishi *-ni* cha mahali hufanya mambo mawili kwa pamoja: kinaongeza silabi na kinahamisha mkazo. *Bahari* ni ti-TA-ti, *baharini* ni TA-ti-TA-ti. Ukikwama kwenye "katika bahari", ambayo ni tatu mbili zinazogongana, andika "baharini" na uangalie upya mshororo mzima, kwa kuwa sasa neno linaanzia mahali pengine.

Inkisari na mazida, zile ruhusa za kufupisha na kurefusha maneno, zitumie kwa uchache sana. Katika utenzi zina heshima yake. Katika soneti, ambayo ni mtu anayejadiliana na nafsi yake kwa lugha ya kawaida, neno lililokatwa ili mizani itimie huonekana mara moja, kama kiraka.

Kwenye kuhesabu penyewe, makosa ni yaleyale ya siku zote. *Mtu* ni mizani mbili na mkazo uko kwenye *m*. *Nchi* ni mbili, mkazo kwenye *n*. *Mtoto* ni tatu. Lakini *mwalimu* ni tatu, si nne, na *ndege* ni mbili. Kuna pia maneno yanayokiuka kanuni ya mkazo: *barabara* ya kupita magari ni ba-ra-BA-ra, na *barabara* ya kusema jambo liko sawasawa ni ba-RA-ba-ra. Silabi nne zote mbili, ila haziwezi kukaa mahali pamoja.

Huu hapa ubeti wa kwanza wa soneti ya namna ya Kiingereza, tulioutunga kwa ajili ya mfano:

Usiku huu kimya, kila nyota
yawaka juu, chini ni bahari.
Na mimi hapa pwani ninaota
jahazi likirudi na habari.

Mshororo wa kwanza ulikuwa ule wa "nyota zote kimya". Tuliuacha kwa sababu ya kina. *Kimya* ni neno zuri lakini ukiliweka mwisho unajifungia mlango, kwani maneno yanayoishia *-imya* ni adimu mno. Tulilirudisha katikati na *nyota* ikaenda mwisho, ambako inapata wenzake: *ota*, *chota*, *okota*. Kabla hujaupenda mshororo, angalia neno lake la mwisho lina ndugu wangapi. Ukikuta chini ya watatu, lihamishe.

Zingatia vituo vya pumzi. Mshororo wa mizani 16 hukatika katikati, nane kwa nane, na mizani inalala sawa kama mizigo miwili ya punda. Kumi na moja haigawanyiki sawa. Wa kwanza hapo juu umekatika 7 na 4, wa pili 5 na 6. Upande mmoja huwa mzito daima, na uzito huo ndio unaousukuma mshororo kwenda mbele. Na mishororo hii ni mishata: "kila nyota" haijitoshelezi mpaka "yawaka juu", na "ninaota" inasubiri jahazi. Aliyezoea kumaliza wazo kila mwisho wa mshororo atapata tabu hapa kwa wiki mbili tatu, kisha atafurahi.

Kuhusu vina, tuna ushauri ambao baadhi ya watunzi wa jadi hawataupenda. Katika shairi, kina ni silabi ya mwisho: *bahari* na *jeuri* zinatosheleza kina cha *ri*. Katika soneti hakuna kina cha kati wala kibwagizo cha kulikumbusha sikio, na silabi ya mwisho ndiyo dhaifu kuliko zote kwenye mshororo. Kina kinachokaa hapo peke yake husikika kwa shida. Anzia kwenye irabu yenye mkazo: *-ari* yote, *bahari, habari, safari, hatari, tayari*, *-amu* yote, *kalamu, hamu, zamu, damu, salamu*. Epuka pia vina vya bure vinavyotokana na sarufi. Ukimaliza mishororo miwili kwa *pigwa* na *pikwa*, au kwa *nyumbani* na *kitabuni*, kiambishi ndicho kilichofanya kazi, na msomaji analijua hilo hata kama hawezi kulieleza. Kina hupata nguvu nomino inapokutana na kitenzi, kama *nyota* na *ninaota*.

Mipangilio ya vina ni michache. Ya Petrarca ina fungu la mishororo minane, ABBAABBA, kisha fungu la sita, kwa kawaida CDECDE au CDCDCD. Ya Shakespeare ina beti tatu za mishororo minne na miwili ya kufunga: ABAB CDCD EFEF GG. Spenser, mshairi mwingine wa Kiingereza, aliziunganisha beti kwa mnyororo, ABAB BCBC CDCD EE. Ya Petrarca inahitaji maneno manne ya kina kimoja mara mbili. Ukiwa na *-ari* na *-amu* unaweza, ukiwa na *-ota* utachoka. Anza na ya Shakespeare, ambayo kila kina kinadai maneno mawili tu.

Herufi hizo zisikufanye uione soneti kama sanduku la vina. Kiini chake ni mgeuko. Mishororo minane inajenga hali fulani, kisha kwenye wa 9 wazo linapinda: linajibu, linapinga, au linaangalia jambo lilelile kutoka upande mwingine. Petrarca hugeukia hapo, kati ya nane na sita. Shakespeare mara nyingi ana migeuko miwili, mmoja kwenye wa 9 na mwingine kwenye wa 13. Mshairi Milton, katika soneti yake juu ya upofu, hakungoja. Mgeuko umeanzia katikati ya mshororo wa 8. Shairi letu lenye kibwagizo huzunguka na kurudi pale lilipoanza, na uzuri wake uko katika kurudi huko. Soneti hairudi. Ikiwa mshororo wako wa 14 unaweza kuwekwa mahali pa wa 4 bila mtu kushtuka, bado hujageuka popote.

Sheria zenyewe zimewahi kupindwa na haohao mabingwa. Katika soneti 154 za Shakespeare zilizochapishwa mwaka 1609, ya 99 ina mishororo 15, ya 126 ina 12, na ya 145 ina hatua nne badala ya tano. Mwanzoni, kaa ndani ya sheria mpaka sikio lako lijue lenyewe pale inapovunjwa.

Kazi ya beti mbili za kati mara nyingi husahauliwa. Katika mfano wetu, ubeti wa pili ungeweza kumfuata nahodha huko aliko, na wa tatu, kuanzia mshororo wa 9, urudi kwa anayengoja na kuuliza swali ambalo ubeti wa kwanza uliliepuka. Kosa la kawaida ni kusema jambo moja mara tatu kwa picha tofauti: nyota, kisha taa, kisha mwezi. Beti tatu zinatakiwa kuwa hatua tatu za safari.

Mishororo miwili ya mwisho ndiyo inayowaangusha wengi. Tumelelewa na mashairi yanayofunga kwa wosia, na mkono huenda wenyewe kwenye methali. Rasimu ya kwanza ya mfano wetu ilifungwa hivi:

Subira mwisho wake huwa heri,
nangoja hapa, sitaona shari.

Ipime: 11 na 11, mikazo yote iko mahali pake. Na bado imekufa. *Heri* na *shari* zinashirikiana silabi ya mwisho tu, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtu aliyekuwa pwani usiku akiota jahazi ameondoka, na mahali pake amesimama mhubiri. Msomaji hapewi la kuona.

Tuliifuta na kurudi kwenye vile vilivyomo ndani ya shairi lenyewe. Palikuwa na nyota, bahari, pwani, jahazi. Kinachofika pwani kila wakati, kuwe na jahazi kusiwe na jahazi, ni wimbi.

Lakini kila wimbi likifika
laacha povu, kisha lafutika.

la-KI-ni KI-la WI-mbi LI-ki-FI-ka
la-A-cha PO-vu KI-sha LA-fu-TI-ka

Mishororo yote miwili ina maneno ya mpangilio uleule, tatu, mbili, mbili, nne, kwa hiyo wa pili unafika ufukweni kwa mwendo wa wa kwanza. *Laacha* ni silabi tatu. Aliyetaka "linaacha" angepata nne na mshororo ungepinduka. Na hiyo *lafutika* haisemi ni kipi kilichofutika, wimbi au povu, kwa kuwa yote mawili yako katika ngeli moja.